Mtoto Asiyegeuka Akiitwa

Mlionifuata tangu sehemu ya kwanza mmeshaniona nikikataliwa mara mbili, nikiibiwa simu iliyokuwa na picha za vyeti vyangu vyote, na nikilia ndani ya choo cha kliniki ili wagonjwa wasinione. Mkadhani yamekwisha. Hata mimi nilidhani hivyo.

Kwa anayenikuta leo: naitwa Nthenya. Wakati wa mambo haya nilikuwa na miaka thelathini na minne na miezi kumi, na kazi yangu ni watoto wanaochelewa kukaa, kutembea na kusema, katika kliniki moja ndogo hapa Msambweni. Nilikuwa nimeomba ufadhili wa shahada ya uzamifu, miaka minne, gharama zote juu yao, nitafiti usonji na matatizo mengine ya ukuaji wa ubongo kwa watoto wa Kwale. Ufadhili huo haumchukui aliyetimiza thelathini na mitano. Kwa hiyo hili lilikuwa ombi langu la tatu na la mwisho, na kati ya waombaji mia moja na kitu tulikuwa tumebaki wawili.

Wiki jana niliwaacha pale nilipofungua barua pepe ya kamati. Nairudia neno kwa neno, maana nimeisoma mpaka macho yameuma: "Tumepata taarifa kwamba baadhi ya maelezo katika orodha yako ya watoto kumi na wanne si sahihi. Tutazungumza nawe Ijumaa, saa tisa alasiri. Uwe tayari kujieleza."

Tumepata taarifa! Taarifa haina miguu. Kuna mtu kaipeleka.

Orodha hiyo ndiyo roho ya ombi langu. Nilizunguka vijiji vya upande wa Kinango miezi mitano na fomu mkononi, nikapata watoto kumi na wanne wenye dalili. Waliowahi kuiona ni watu watatu tu: mimi, Jaafar tunayefanya naye kazi, na Kanze anayenitafsiria Kiduruma.

Mimi sikujisaliti. Walibaki wawili, nami nikaanza na Jaafar.

Tunatumia chumba kimoja, meza mbili zinatazamana, na feni moja inayompepea yeye zaidi. Naye aliomba ufadhili huu huu, akaanguka mzunguko wa kwanza. Nilipopita alinipongeza. Alinipongeza mno.

Jumanne asubuhi akaniletea mahamri na mbaazi, moto moto, bila kuombwa.

"Karibu, dada Nthenya. Leo huna furaha."

"Nani kakuambia sina furaha?"

"Uso wako."

Mtu ambaye mwaka mzima hajakuletea hata maji, akikuletea mahamri, jiulize. Nilikula, lakini nilikula nikimtazama mikono. Nilipopita nyuma yake kwenda dirishani akafunga kompyuta upesi. Dalili ya mvua ni mawingu.

Simu yangu ikalia. Mama. Nikaikata. Mama yangu, Kavenya, yuko kwetu skimu, kwenye mashamba ya makazi yaliyogawiwa na serikali, na akipiga simu mchana huwa ni habari za mbuzi au za kanisa.

Ilipofika adhuhuri Jaafar akaenda kuswali. Nami nikafanya jambo ambalo sikulelewa kulifanya: nikafungua droo yake. Mwenzangu yuko mbele ya Mola wake, mimi niko ndani ya droo yake. Naliandika kama lilivyokuwa.

Juu kabisa palikuwa na orodha yangu. Majina tisa yalikuwa yamezungushiwa kalamu nyekundu, na jina la kumi na nne liliwekewa alama ya kuuliza.

Sikuirudisha. Nilikaa nayo mkononi mpaka aliporudi.

"Kikulacho ki nguoni mwako," nikamwambia.

"Salama, dada?"

"Umewaandikia kamati."

"Kamati gani?"

Nikamsukumia simu aisome barua pepe. Akaisoma mara mbili, akanirudishia kwa mikono miwili.

"Wallahi si mimi."

"Na hii kalamu nyekundu?"

"Hiyo ni mimi." Akaketi. "Watazame hao tisa. Wote wavulana. Wote vifungua mimba. Na wote wameangushwa na swali moja, lile la kama mtoto hugeuka akiitwa jina lake. Tangu lini usonji ukachagua vifungua mimba?"

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia mwezi wa nne, hapa hapa. Ukaniuliza kama nina kijicho."

Nikakumbuka. Nilimwuliza hivyo kweli, tena mbele ya akina mama waliokuwa foleni. Lakini mtu akishaanza kushuku haachi kwa jibu moja.

"Na Jumamosi? Kila Jumamosi wavaa kanzu ya pasi waelekea Kinango. Wafuata nini huko kama si watoto wangu?"

Akatazama mlango, akashusha sauti. "Naposa, dada Nthenya. Mamangu hajajua. Sasa wajua wewe, nami nakuomba liishie hapa."

(Jaafar, nisamehe. Harusi imeshaliwa na mama yako kacheza mpaka kapoteza kiatu, kwa hiyo hakuna lililoharibika.)

Sikujua nicheke au niombe radhi, basi sikufanya lolote. Yeye akaweka kidole chini ya orodha.

"Na huyu wa kumi na nne nani? Kanze asema hakufuatana nawe kumpima."

"Ni wa skimu ya kwetu. Nilimpima nilipokwenda kumwona mama."

"Aa."

Sikuipenda ile "aa" yake. "Na tangu lini wewe na Kanze mwazungumza habari za orodha yangu?"

"Tangu Kanze alipoacha kufuatana nawe. Hujaona? Kila ukimwita ana mgeni, ana mazishi, ana mguu. Nenda kamwulize kwa nini."

Jumatano sikufika kazini. Nilichukua bodaboda mapema nikapanda kwenda bara, kule ambako nyasi zilikuwa zimekauka na akina mama wanarudi na madumu kutoka silanga, bwawa la maji ya mvua. Njiani hata mwendesha bodaboda nilimshuku. Alikuwa kimya mno kwa mtu wa kazi yake.

Nikamkuta Kanze kwa Sidi. Sidi ni mama yake Ziro, na Ziro ndiye mtoto namba moja katika orodha. Ombi langu zima linaanza naye: "Mtoto wa kiume, miaka mitatu. Hageuki akiitwa."

Wanawake wawili hao walikuwa nje ya jiko wakipukuchua mahindi. Waliponiona wakanyamaza kwa pamoja.

"Shikamoo, daktari," akasema Sidi.

"Marahaba. Dada Kanze, umempelekea nani habari za orodha yangu?"

Kanze ni mama mtu mzima, mhudumu wa afya wa kijiji, na hana haraka. Aliumaliza kwanza muhindi aliokuwa nao. "Mimi simjui wa kumpelekea. Kaa kitako upoe."

"Nitakaa nikijibiwa."

Hatua kumi kutoka kwetu Ziro alikuwa ametugeuzia mgongo, anaburura kopo lililofungwa kamba.  Ushahidi wangu ulikuwa pale pale.

"Ziro!" nikaita.

Kimya.

"Ziro!"

Kopo likaendelea na safari yake.

"Mnaona? Nani asema orodha yangu ni ya uongo? Huyu hapa, hageuki!"

Sidi alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja, kama aliyesikia tusi mbele ya wazee. Kanze akamgusa goti.

"Mwite," akamwambia. "Mwite vile umwitavyo."

"Baba!" Sidi akaita, tena si kwa nguvu. "Baba, mbuzi hao wala mahindi!"

Mtoto aligeuka kabla mama yake hajamaliza. Akawatazama mbuzi, akamtazama mama, akatutazama sisi. Kisha akaacha kopo, akaokota kijiti, akawafukuza mbuzi huku akiwatukana kwa Kiduruma kilichonyooka. Mtoto ambaye fomu yangu inasema hana maneno kumi.

Nikakaa kitako bila kukaribishwa tena.

"Sidi, kwa nini humwiti jina lake?"

Akainamisha kichwa. "Hilo ni la baba mkwe wangu, daktari. Nitalitajaje mimi?"

Ilibidi Kanze anieleze, naye alinieleza taratibu kama mtu anayemlisha mgonjwa. Kifungua mimba wa kiume hupewa jina la babu yake mzaa baba. Mke wa mwana hathubutu kulitamka. Kwa hiyo mama yake humwita Baba. Bibi yake humwita "mume wangu". Babu mwenyewe humwita "somo". Baba yake, ambaye angeweza kulitaja, ni mpishi wa hoteli Diani na huja mwisho wa mwezi.

"Jina hilo liko kwenye kadi yenu ya kliniki tu," Kanze akasema. "Mtoto hajalisikia popote, ila siku ile ulipokuja wewe kumpigia kelele."

"Na wewe ulikuwapo! Mbona ulinyamaza?"

"Mimi nimeolewa mji huu huu. Mkwe wake ni mkwe wangu. Uliponiambia nimwite, nilirudi nyuma. Nikakuambia, daktari, tuwaulize kwanza nyumbani waitwaje. Ulinijibuje?"

 Nilikumbuka jibu langu mpaka sauti niliyolitoa nayo. Nilimwambia, "Fuata fomu, Kanze. Fomu haina nafasi ya porojo."

Na hapa ndipo aibu inaponila, wasomaji wangu. Mimi si mgeni wa mambo haya. Sisi Wakamba nasi tuna yetu. Mama yangu mpaka leo hajatamka jina la babu yangu. Humwita "yule mzee wa nyumba ya juu". Nimekulia ndani ya desturi ile ile. Lakini fomu ilitoka ng'ambo, ina nembo ya chuo, na mimi nilikuwa na hamu kubwa ya kufanana nayo.

Sidi akaingia ndani akatoka na karatasi ya majibu ya kipimo, iliyokunjwa mara nne. Niliitambua, niliiandika mwenyewe.

"Mwalimu wa chekechea aliisoma hii," akasema. "Kasema shule yake haina mahali pa mtoto wa namna hiyo. Tangu mwezi wa tano yuko hapa na mbuzi."

Hakulisema kwa hasira. Ningeshukuru kama angekasirika.

Hata hivyo sikuacha. Nilipokuwa naondoka bado nilimwuliza Kanze, "Niambie kweli. Si wewe uliyewaandikia?"

"Ningetaka kuandika ningekuandikia wewe uliye karibu." Akafunua mkoba wake, akanipa daftari la shule lenye kurasa arobaini. "Haya. Nilianza siku ile uliponinyamazisha."

Ndani mlikuwa na watoto wote kumi na watatu wa upande ule. Kwa kila mmoja aliandika jina la kadi, jina la nyumbani, na kama amegeuka alipoitwa hilo la nyumbani. Wanne hawakugeuka kwa jina lolote. Tisa waligeuka, tena mara ya kwanza. Walikuwa wale wale tisa wa kalamu nyekundu ya Jaafar.

Alhamisi nilikaa na daftari hilo mapajani, mbele ya jiko la makaa lililokolea. Lilikuwa moja tu, halina nakala. Kurasa arobaini huungua upesi. Kanze hana barua pepe, Sidi hana, na Jaafar ana siri ya posa iliyo mikononi mwangu. Ndiyo, nililiwaza hilo pia. Hofu ya kukosa ilinifanya mtu nisiyemjua.

Simu ikalia. Mama, mara ya nne wiki hiyo. Sikupokea. Baadaye ukaja ujumbe: "Nipigie kabla ya Ijumaa." Nikasema moyoni ni harambee ya kanisa. Sikujiuliza Ijumaa kaijulia wapi.

Jaafar alipita jioni kunijulia hali. Aliona jiko, akaona daftari, akaelewa.

"Ukidanganya utapata," akasema. "Lakini miaka minne yote utakuwa ukimpima Ziro."

Nikalirudisha daftari mkobani.

Ijumaa saa tisa kasorobo tulikuwa kliniki, mlango umefungwa. Kanze alikuwa ametoka kwao tangu alfajiri. Wakaketi yeye na Jaafar upande wa pili wa kompyuta, wasionekane kwenye kamera, nami nikawaona vizuri. Nilikuwa nimewashuku wote wawili wiki nzima, na ndio peke yao waliokuja.

Profesa Muange wa kamati akatokea kwenye kioo, yeye na wenzake wawili. Ni mwanamke wa makamo, na sauti yake ni ya mwalimu asiyehitaji kupaza.

"Nthenya, tumekuomba ujieleze kuhusu—"

"Profesa, samahani. Kabla hujaniuliza, naomba niseme mwenyewe."

Nikasema. Nilieleza jina la babu na mwiko wa mke wa mwana, kadi, fomu, namna nilivyomnyamazisha Kanze. Niliinua daftari lile mbele ya kamera, nikafungua ukurasa baada ya ukurasa. Nikasema tisa kati ya kumi na wanne niliwapa ugonjwa wasiokuwa nao, na mmoja amefukuzwa shule kwa mkono wangu. Nikasema nitarudi kwa kila mama kuzifuta karatasi zile, nikipata ufadhili au nikikosa. Niliyamaliza yote.

Profesa akainamia karatasi zake. Mwenzake mmoja alikuwa anaandika mbio mbio.

"Hili," Profesa akasema hatimaye, "hatukulijua."

Nikadhani sijasikia sawa. "Hamkulijua? Basi aliyewaandikia aliwaambia nini?"

"Aliyetuandikia nani?"

"Aliyewaletea taarifa."

Akavua miwani. "Hakuna aliyetuandikia, Nthenya. Kila mwombaji aliyefika hapa, huwa tunawapigia simu walezi watatu walio katika orodha yake, kuhakikisha watoto wapo. Tunapiga wenyewe. Wawili hawakuwa na neno. Wa tatu alikuwa mlezi wa mtoto namba kumi na nne. Bi Kavenya."

Nikashusha daftari mezani.

Wasomaji wangu, wiki saba nimewaungamia kila kitu. Nyinyi nanyi niliwaficha.

Musyoki ana miaka sita. Nilimzaa mimi. Anaishi skimu kwa mama, na hapa kliniki, ninakowafariji akina mama wenye watoto kama yeye, hakuna ajuaye kwamba nina mtoto. Mradi huu ungeleta wataalamu mwakani, wenye vifaa vyao, wawaone bure watoto wote wa orodha. Nikamtia humo. Mlezi nikamwandika mama, ili mtoto wangu aonwe bila mtu kujua ni wangu.

Dalili zake niliziandika kwa uaminifu, zote ila moja. Musyoki nimemwita jina lake miaka sita, jina lake hasa, lisilo na mwiko kwa yeyote. Nimemwita kwa upole, nimemwita kwa kelele, nimemwita nikilia. Hajageuka hata siku moja. Nilipofika kwenye swali lile, kalamu ilikataa.

Nikaandika: anageuka.

Watoto tisa wa wenzangu wanaogeuka, niliandika hawageuki. Wangu asiyegeuka, niliandika anageuka. Niliweza kuwahukumu wa watu bila mkono kutetemeka.

"Tulimwuliza mama huyo kama mtoto huitikia jina, kama ulivyoandika," Profesa aliendelea. "Akatuambia, 'Huyo haitikii hata mama yake mzazi.' Tukamwuliza mama yake mzazi ni nani.  Akatutajia."

Kiti cha Jaafar kilitoa mlio. Kanze alikuwa ameacha kunitazama; aliitazama orodha mezani, namba kumi na nne, yenye alama ya kuuliza.

Simu ikatetemeka kando ya kompyuta. Mama.

"Sasa nataka nilisikie kwako," akasema Profesa. "Musyoki ni mtoto wa nani?"

Nikawaza chekechea. Nikawaza akina mama wa foleni. Nikawaza miezi miwili iliyobaki nitimize thelathini na mitano.

"Nthenya?" akaita.

Kimya.

"Nthenya, wanisikia?"

Nilimsikia. Lilikuwa jina langu, amelitaja vizuri kabisa, nami niliinama nikitazama meza kama vile aliyeitwa alikuwa mtu mwingine.